Kozi Nne na Sahani Tatu

Jamani, mkinicheka mcheke, lakini mpaka leo nikikaribia ule ukumbi wa zamani wa chuo chetu pale Mji Mkongwe huwa nazunguka kwa kichochoro cha nyuma, chenye maji machafu na paka wa kila rangi, almuradi nisiuone mlango wake. Aibu niliyoipata mle ndani sijaipata popote, na mie si mgeni wa aibu (nilishawahi kufundisha kipindi kizima na kibandiko cha dukani kikining'inia kisogoni, na hakuna aliyenambia). Mbaya zaidi hakuna wa kumlaumu. Nimemtafuta, wallahi nimemtafuta kila pembe, na kila nikimtafuta naishia kukutana na mimi mwenyewe.

Mnajua kazi yangu ni kufundisha kompyuta chuo kikuu. Siku moja Dokta Haroub, mkuu wa idara yetu, mtu mpole asiyependa makelele, akaniita ofisini kwake akasema, "Nasra, hizi kozi zetu za programu zimechakaa. Nakupa uratibu. Panga mpya, wakaguzi kutoka bara wanakuja baada ya Idi, wakizipitisha tunaanza nazo mwaka ujao." Nikatoka mle kichwa kimenivimba, nikaona nimepewa madaraka, kumbe nimepewa lawama zikiwa bado mbichi.

Nilikuwa na jambo langu moja tu nililolitaka, na nilikuwa nikilitaka kwa muda mrefu. Kuandika programu, kwa asiyejua, ni kuiandikia kompyuta maagizo hatua kwa hatua, kwa mpangilio, kwa sababu ile mashine haina akili ya kukisia, ukiruka hatua inafanya upuuzi, tena inaufanya kwa bidii. Sasa kila mwaka napokea vijana wa Matemwe, wa Uroa, wa Makunduchi, na wa hapa hapa mjini pia, wanaanguka kozi ya kwanza kama embe bivu, na si kwa kukosa akili. Mwambie mmoja wao akueleze kazi ya mwani, kutoka kufunga mbegu kwenye kamba mpaka kuanika na kutia kwenye magunia, atakupangia hatua zote bila kukosea, na ukimuuliza "mvua ikinyesha katikati ya kuanika je?" atakwambia unafanya hivi kisha unarudi hapa. Hiyo ndiyo programu! Ndiyo yenyewe! Lakini mwambie akueleze kwa Kiingereza, anakutazama tu, macho yamemtoka, na mtihani ukifika anaandika alichokariri, na kilichokaririwa hakifanyi kazi kwenye kompyuta.

Kwa hiyo nikatunga kozi, nikaiita Kufikiri Programu, ifundishwe kwa Kiswahili muhula wa kwanza wote, mtu ajifunze kwanza kupanga mawazo kwa lugha anayotaniwa nayo nyumbani, Kiingereza kije muhula wa pili akiwa anajua anachokisema. Dokta Haroub aliisoma akakuna kidevu, akasema, "Wakaguzi wakikubali, mie sina neno. Lakini nafasi ya kozi ya programu muhula wa kwanza ni moja tu, unajua." Nikamwambia najua. Nilikuwa najua kweli, hapo ndipo panaponitia hasira.

Ramadhani ikaingia. Mji wetu mnaujua mwezi ule: kuanzia alasiri vichochoro vyote vinanukia samli na hiliki, na sahani zinatembea kuliko watu. Jirani anampelekea jirani, mkwe anampelekea mkwe, na chombo cha mtu kikishaingia kwako na kitu, basi nacho kitatoka kwako na kitu, huwezi kukirudisha kitupu ukatazamika usoni. Mie naishi Kiponda na mama yangu, Bi Zeyana, ambaye sote tunamwita Bimkubwa, na kwa Bimkubwa mambo ya vyombo vya watu ni mazito kuliko mambo ya serikali.

Basi siku za mwanzo mwanzo za mwezi, magharibi inakaribia, hodi mlangoni, sahani kubwa ya maua mekundu, imefunikwa kawa, ndani mkate wa kumimina bado una moto. Umetoka kwa Maalim Sleyum. Huyu Maalim ndiye mkubwa wetu kwa umri idarani, alinifundisha mimi nikiwa sijui kompyuta inawashwa wapi, na kozi yake ya muhula wa kwanza, aliyokuwa akiifundisha tangu enzi hizo, inatumia lugha ya programu ya zamani sana, lugha ambayo wanafunzi wakitoka chuoni hawakuti kazi yoyote inayoitumia. Kozi hiyo ndiyo niliyopanga kuitoa ili yangu iingie. Simu ikalia hapo hapo.

"Nasra, mkate umefika?"

"Shikamoo Maalim. Umefika, ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awazidishie."

"Marahaba. Mama yako hajambo? Haya. Sasa mwanangu, katika hayo mapya yenu, ile kozi yangu usije ukaiacha nje. Ibaki pale pale ilipo."

Nambieni nyie mngesemaje. Mkate uko mkononi (nimefunga, sijaugusa, lakini pua nayo ina kazi yake), mzee wangu yuko kwenye simu, mwezi wenyewe mtukufu. Ningemwambia, "Maalim, kozi yako tunaitupa"? Nikasema, "Inshallah Maalim, nitaiweka." Nikakata simu, nikajiambia nitaiweka kwenye rasimu tu, kwa muda, halafu nitaona pa kuitolea.

Baada ya kufuturu, Bimkubwa akasema kesho atakaanga kaimati arudishe sahani ya Maalim. Na hapa, wenzangu, hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi usiozidi hata kijiko cha chai, uliokuja kunizamisha. Nikamwambia, "Usiirudishe kwanza."

"Kwa nini?"

"Ukiirudisha na kitu, Maalim ataona tushapatana. Wacha ikae mpaka mambo ya kozi yaishe."

Bimkubwa akanitazama kama kwamba aliniokota sokoni. "Yaani tule cha watu, na chombo chao tukikalie?"

"Kwa muda tu, Bimkubwa."

"Mie sijapata kuona. Nakwambia, Nasra, tangu nizaliwe sijapata kuona."

Nilidhani nimefanya ujanja. Kumbe Maalim Sleyum (mtu mwema, lakini kifua chake hakiweki kitu) alishatangaza kwenye chumba cha walimu, "Nasra keshaniwekea yangu." Siku ya pili yake, bakuli la buluu limejaa katlesi, kutoka kwa Pili, mwenzangu tuliyeanza kazi pamoja, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ingawa urafiki wetu ni wa kazini, kwetu hajapata kuingia. Pili anataka kozi ya programu za simu, na hakuzunguka mbuyu. Akanipigia: "Shoga, Maalim kawekwa, mie nimekukosea nini?" Nikamwambia Pili, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajajua hata kuhesabu hatua, hizo programu za simu watazifanyaje muhula wa kwanza? Akanyamaza. Kule kunyamaza kwa Pili nyie hamkujui, ni kama kufungiwa mlango wa chuma. Nikasema, "Haya, haya, nitaiweka."

Kisha Joseph. Joseph ni Mkristo, babu yake alitoka Tabora kuja kufanya useremala, lakini yeye amezaliwa Kikwajuni na mkewe amekulia Kikwajuni, na sambusa za mkewe zinawatia wivu waliofunga na wasiofunga. Sinia la bati, sambusa zimepangwa zimesimama. Yeye alikuja mwenyewe mlangoni, anacheka.

"Mwalimu Nasra, nimeona wenzangu wanaleta, nikasema na mimi nisiachwe. Kozi ya roboti."

"Joseph, roboti ziko wapi? Chuo kizima hakina hata moja."

"Zitakuja. Kozi ndiyo itangulie."

Nikapokea sinia. Mtu kakuletea sambusa mpaka mlangoni, na wala hafungi, wewe utamfungia mlango?

Kwa hiyo mpaka kumi la mwisho la Ramadhani linaingia, nyumbani kwangu kuna vyombo vitatu vya watu juu ya kabati, na kwenye rasimu yangu, mahali penye nafasi moja, kuna kozi nne: ya Maalim, ya Pili, ya Joseph na yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye kozi moja inamtoa jasho, nimempangia nne kwa mpigo. Nilikuwa naitazama ile rasimu natamani kulia, halafu nikajituliza kwa fikra ambayo niliiona ya kiakili sana. Nikasema, wakaguzi wanakuja. Wao si wa hapa, hawajali mtu. Watauliza "mbona nne?", watazikata tatu dhaifu, yangu itabaki kwa sababu ndiyo yenye maana, na mie nitawaendea wenzangu nimekunja uso, niwaambie, "Jamani nilijitahidi, wageni ndio waliokataa." Mgeni akikataa hanuniwi na mtu, kesho anapanda boti anakwenda zake. Huo ndio ulikuwa mpango. Nimesoma mpaka shahada ya pili, na huo ndio mpango nilioutoa kichwani.

Nilimpelekea Dokta Haroub rasimu asubuhi ya siku ya joto kali. Yeye bila kahawa huwa si mtu, na mwezi mzima asubuhi hana kahawa. Akaifungua ukurasa wa mwanzo, akaifunga, akatia saini. "Nakuamini, Nasra." Nikatamani anigombeze.

Na huku nyumbani Bimkubwa hanipi usingizi. Kila akipita penye kabati anaguna. Wale wenzangu hawajui kwa majina, anawajua kwa malalamiko yangu, kwani kila nikirudi kazini najitupa kwenye kiti nasema "huyu wa lugha ya zamani leo kanipigia tena," au "huyu wa simu kanuna," au "huyu wa roboti ana wazimu." Basi naye akawa anauliza hivyo hivyo: "Chombo cha wa simu unakirudisha lini? Cha wa roboti je, bati lile litapata kutu!" Namjibu baada ya Idi. Idi ikaja ikapita. Namjibu baada ya mkutano.

Siku ya mkutano ikafika. Chuo chenyewe kiko nje ya mji, lakini kwa wageni tunautumia ule ukumbi wa zamani, una mlango mzuri wa nakshi na feni zinazofanya kazi, na toka kwangu ni mwendo wa kumaliza uradi mfupi. Asubuhi navaa, Bimkubwa naye anafunga mzigo, anakwenda Uroa kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake, na uso umemvimba.

"Nasra, mie siondoki mjini nikaacha vyombo vya watu ndani. Nikifa huko Uroa nitamjibu nini Mola wangu?"

"Bimkubwa, leo nna wageni wakubwa. Wote tuko ukumbini mpaka adhuhuri, hata ukiwatafuta majumbani huwapati."

"Wote? Wa simu na wa roboti na Maalim?"

"Wote wako pamoja," nikasema, natafuta kiatu. Nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mkutano ukaanza vizuri, tena vizuri mno. Wakaguzi walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa Dokta Neema, mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na miwani anayoishusha puani akitaka kukuuliza jambo. Dokta Haroub akafungua, nikasimama mimi, nikaonyesha ukutani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tuliporudi kwenye muhula wa kwanza Dokta Neema akashusha miwani.

"Mwalimu, hapa naona kozi nne za programu kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika programu. Mmezipataje?"

Hii ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri mwezi mzima! Ilikuwa niseme tu, "Kweli ni nyingi, tunaomba ushauri wenu," wakate, yaishe. Lakini nikageuka nikawaona Maalim Sleyum, Pili na Joseph wamekaa mstari mmoja, wananitazama kwa mapenzi, na ulimi ukanitoroka. Nikasema, na kila neno nalikumbuka kwa sababu linanijia nikiwa nakosha vyombo, "Kila kozi hapa imepita kwenye mchujo mkali wa kitaalamu. Tulitazama mahitaji, tukapima, tukachuja, na hizi nne ndizo zilizobaki. Hakuna hata moja iliyoingia kwa sababu ya mtu."

Dokta Neema akaitikia kwa kichwa, anaandika. Maalim Sleyum akaweka sawa kofia yake. Na mlango ukafunguliwa.

Nilianza kuliona kapu. Kapu kubwa la ukili, lile la sokoni, halafu baibui jeusi, halafu mama yangu.

"Asalaam aleikum," akasema, na ukumbi wote ukaitikia. Sasa nani wa kumzuia? Dokta Haroub alikuwa wa mwanzo kuinuka, "Shikamoo Bi Zeyana," Joseph akainuka, Pili akainuka, hata wale wakaguzi wakainuka, "Shikamoo mama," naye anaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba mwanangu, karibuni Unguja, mmelalaje. Mie nimesimama mbele, mwanga wa projekta umenimulika usoni, maneno ya muhula wa kwanza yameniandikika kwenye paji la uso.

"Bimkubwa," nikanong'ona, "tuko mkutanoni."

"Nnajua, sikai, gari ya Uroa inanisubiri," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni sauti ya mtu anayezungumza na aliye ghorofani. "Nimeleta vyombo vya watu tu." Akaweka kapu juu ya meza ya wakaguzi, juu ya rasimu yangu hasa, akatoa lile bakuli la buluu, limejaa visheti, kitambaa juu.

"Haya, yupi wa programu za simu?"

Feni zinazunguka.

"Wa programu za simu ni nani jamani? Katlesi zako zilikuwa nzuri, mwanangu, njoo uchukue chako."

Pili akaenda. Angefanyaje? Kachukua bakuli kwa mikono miwili, "Ahsante Bimkubwa," akarudi kukaa nalo mapajani, hanitazami. Bimkubwa akatoa sinia la bati lenye vileja.

"Wa roboti?"

Joseph akaenda, na nikamwona mabega yanamtikisika, anajizuia kucheka. Nikamwona na Dokta Neema: anatazama sinia, anatazama ukutani palipoandikwa Roboti, anatazama sinia tena.

"Na Maalim wa lugha ya zamani." Hapo Bimkubwa hakuuliza, alimjua kwa kofia na mvi, akamwendea mwenyewe pale alipokaa na ile sahani ya maua mekundu. "Maalim, samahani sana kwa kuchelewa. Si mimi, ni huyu Nasra, kanizuia mwezi mzima, eti ukirudishiwa sahani utaona kozi yako ishakubaliwa. Na mkate wa mkeo, mwambie, tuliula tukajiramba. Nasra mwenyewe alisema mkate ule una faida kuliko hiyo kozi."

Jamani, mie nililisema hilo nyumbani! Nililisema nikiwa nimefuturu, tumbo limejaa, natania na mama yangu. Si la kusemwa mbele ya Maalim, wala mbele ya wakaguzi, wala mbele ya yeyote. Nikatamani sakafu ya ukumbi, ambayo siku zote tunaambiwa ni mbovu, ifanye ubovu wake sasa hivi. Maalim Sleyum akapokea sahani. Akasema, "Ahsante Bi Zeyana," kwa adabu, kisha akaiweka chini kando ya kiti, polepole, na hakuifunua.

Bimkubwa akaona bado ana visheti kwenye mfuko, akawageukia wageni. "Nyie hamna chombo kwangu lakini chukueni, mtafune."

Yule mkaguzi wa pili, kijana kijana, akauliza, "Mama, sisi tukila haitakuwa tumekubali kozi?"

"Aa, nyie kuleni tu. Mambo ya kozi mwulizeni Nasra, ndiye anayejua nani kaleta nini." Akajifunga baibui lake, akatuombea dua ya kheri, akaondoka. Hata leo anaamini alituokoa.

Hapo kicheko kikapasuka. Joseph alianza, mkaguzi kijana akafuata, mwisho hata Dokta Haroub, uso ameufunika kwa rasimu aliyotia saini bila kuisoma. Tuliokuwa hatucheki ni Maalim, Pili na mimi. Na Dokta Neema, ambaye alisubiri mpaka watu walipojifuta machozi, akashusha miwani.

"Kwa hiyo ule mchujo mkali ndio huu." Hakusema kwa ukali, nafuu angesema kwa ukali. "Nimehesabu, Mwalimu. Kozi nne, sahani tatu. Hii ya nne, Kufikiri Programu, imeingiaje?"

Nikaona mlango umefunguka! Nikasema ndiyo, hiyo haina sahani ya mtu, hiyo nimeifikiria miaka, ni ya Kiswahili, nikaanza kuwaeleza habari za wanafunzi, za mwani, na nilikuwa nasema kweli tupu, neno la kwanza la kweli nililolisema siku ile. Maalim Sleyum akakohoa kidogo.

"Hiyo kajipakulia mwenyewe," akasema.

Mtu aliyetoka kusema hakuna kozi iliyoingia kwa sababu ya mtu, dakika hiyo hiyo anaitetea ya kwake, aseme nini akaaminika? Dokta Neema aliisoma rasimu ya kozi yangu, nilimwona akiisoma mpaka mwisho, akasema ina fikra nzuri. Akasema pia kwamba hawezi kuipitisha moja iliyo yangu akazikataa tatu zilizo za wenzangu, kwa sababu hajui tena ipi ilipimwa na ipi ilipakuliwa. Muhula wa kwanza ubaki kama ulivyokuwa, idara ijipange upya. Yaani kozi ya zamani, lugha ya zamani, kwa Kiingereza, mwaka mwingine mzima.

Pili alinisusa mpaka mvua za vuli, kisha akachoka kuninunia. Joseph mpaka leo akikutana na mie kwenye ngazi ananiuliza, "Leo umepakua nini?" Kwa Maalim Sleyum nilikwenda nyumbani kwake, mikono mitupu, kwani niliona kwenda na chombo chochote ni kumtukana mara ya pili. Nikaomba radhi. Akanisikiliza, akasema, "Nasra, ungenambia hapana siku ile ile kwenye simu, ningenuna, mke wangu angenituliza, yakaisha. Mie ni mwalimu wako, ulidhani siwezi kuambiwa hapana na wewe?" Nikalia, naye akamwita mkewe alete chai. Halafu akaniomba, kwa kuwa yeye macho yanamsumbua, kozi yake ile mwaka ujao niifundishe mimi. Nikasema ndiyo. Safari hii nilisema ndiyo na nikawa namaanisha.

Nikaapa, na nyie mashahidi wangu: mambo ya kozi yasemwe ofisini, mchana, watu wakiwa wameketi, na wa kukataliwa akataliwe na mimi, si na mgeni. Mtu akileta chombo kwangu, kesho yake kinarudi na kitu, na jibu langu anakuwa keshalipata, liwe tamu liwe chungu. Bimkubwa ameridhika. Mie bado.

Kwani mwaka mpya ulipoanza, niliingia darasani kufundisha hiyo kozi ya Maalim. Nikaeleza somo la mwanzo kwa Kiingereza, nusu saa nzima, naandika ubaoni, nyuso zimenikodolea. Msichana wa mstari wa mbele, Mwanakombo, wa Matemwe, mchangamfu, haogopi mtu, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani, hapo hatukufahamu hata kidogo. Huwezi kutueleza kwa Kiswahili?"

Darasa zima likainua vichwa. Mdomo wangu ulishaanza kwenda kule kule ulikozoea, kwenye inshallah na tutaona na mbele ya safari, nikauziba. Huyu hakuniletea kitu, wala hakustahiki kudanganywa.

"Hapana," nikamwambia. "Kozi hii mwaka huu ni kwa Kiingereza. Ingeweza kuwa kwa Kiswahili, nikaiharibu mimi."

"Haya, ahsante Mwalimu," akasema, akashusha mkono.

Ile hapana iliyonishinda kumpa Maalim, ikanishinda kumpa Pili, ikanishinda kumpa Joseph mlangoni kwangu, mtu wa kwanza kuipata akawa ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kuambiwa ndiyo. Nikageukia ubao nikaendelea kwa Kiingereza, na nyuma yangu nikasikia kalamu zinawekwa chini.